Sifa za Pensi na Gemu ya Mtu Mzima

Hakuna vazi linalodharauliwa mjini kama pensi ya mtu mzima. Mwanamume wa miaka 45 akienda dukani Jumamosi kwa pensi, fulana na ndala, kisha akarudi sebuleni kushika pedi ya gemu, wazee humtazama wakasema: mtu mzima ovyo. Kwangu anastahili nishani. Nguo nyingine humkopesha mtu heshima asiyokuwa nayo. Pensi haikopeshi hata senti. Tapeli wa viwanja analijua hilo, ndiyo maana huja kwa suti, na mkoba, na muhuri. Nani amewahi kutia saini mkataba mbovu kwa kuvutiwa na magoti ya mtu? Aliyevaa pensi hapewi uenyekiti wa kamati ya harusi wala haitwi mbele kutoa neno, na kwa njia hiyo anatuokoa na hotuba nyingi.

Wazee husema kaptura ni ya watoto. Kanuni hiyo tumeitoa shuleni: msingi kaptura, sekondari suruali, basi tukaamini akili hukua kwa kadiri nguo inavyoteremka. Lakini askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, walivaa kaptura, na maofisa wa Kiingereza waliotawala Tanganyika na Kenya walivaa kaptura na soksi ndefu. Walitoza kodi na kuhukumu kesi magoti yakiwa wazi, wakaitwa Bwana Mkubwa. Sijasikia kwamba kuna aliyewatuma nyumbani wakabadilishe nguo. Na wengi wanaokemea leo ndio waliofagia barabara za Dar es Salaam kwa suruali pana za bugaluu miaka ya 1970, wakiyumba juu ya viatu vya raizoni. Kabla yao, mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa chama cha TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana (waliokemea, ajabu, nao ni vijana). Bugaluu ilipita, na nchi ikabaki na matatizo yaleyale.

Kuhusu gemu, lawama kubwa ni muda. Mtu mwenye familia anakaaje saa tatu akikimbiza mpira usiokuwepo? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama isingetolewa na watu waliokaa barazani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mafundi wanaweza kuanza alasiri wakainuliwa na adhana ya magharibi. Hakuna anayewaita ovyo; Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Wenye tai nao waliletewa karata ndani ya kompyuta na Windows 3.0 mwaka 1990, wakazicheza ofisini saa za kazi, nyuso zimekunjwa kana kwamba wanakagua bajeti. Yule nyoka wa simu za Nokia, aliyezaliwa mwaka 1997, alilishwa na mababu pia. Kosa la mwenye pensi, basi, ni kucheza bila kujisingizia kazi. Tena hakuanza jana: aliyekuwa na miaka 10 Super Mario Bros. ilipotoka mwaka 1985 sasa ameshagonga 50. Mbona hatumwambii mcheza bao wa umri huo kwamba amepitwa na wakati?

Watauliza mtoto atajifunza nini kwa baba wa namna hiyo. Atamwona baba akishindwa, jambo adimu katika nyumba zetu. Mtoto wa miaka 12 akimfunga tano bila, baba hawezi kujitetea kwamba amekula chumvi nyingi. Itabidi aulize kitufe cha kupiga krosi ni kipi, na asubiri jibu. Watu wa pwani wana pingamizi lenye uzito zaidi, la sitara ya kati ya kitovu na goti, nalo sibishani nalo: fundi cherehani aongeze inchi chache. Pingamizi nisiloweza kulijibu ni la umeme. Ukikatika katikati ya mechi, mwenye gemu hubaki na pedi mkononi mbele ya kioo cheusi, na wacheza bao, wasiodaiwa chochote na mita ya umeme ya LUKU, wanaendelea kusambaza kete.