Sifa za Ngurumo ya Ndege

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, lakini ngurumo ya ndege, ambayo kwa sauti haina mpinzani, haijapata hata ubeti mmoja. Upungufu huu unashangaza, kwa kuwa ngurumo hiyo ina fadhila ambazo wakazi wa mitaa inayopakana na viwanja vya ndege huzipokea usiku na mchana bila kutoa shukrani. Huwaamsha waumini kabla ya adhana ya alfajiri, hukata ugomvi wa mke na mume pale pale unapoanza kunoga, hufunika mkoromo, na kwa kutikisa vikombe kabatini humjulisha mwenye nyumba ni kipi kimeingia ufa.

Hizo ni fadhila ndogondogo. Fadhila yake kuu ni ukarimu, kwani abiria hulipa nauli ndipo aruke, ilhali jirani wa uwanja hurushwa bure, tena akiwa kitandani. Sikio halina kope, na ubongo wa aliyelala huendelea kusikiliza. Ngurumo inapoingia dirishani, ubongo huidhania kuwa hatari, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, yaani homoni zinazomwandaa mtu kupigana au kukimbia, mishipa hubana, moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda. Watafiti waliowafunga vipimo vya shinikizo watu 140 waliolala majumbani kwao karibu na viwanja vinne vya Ulaya, wakachapisha matokeo mwaka 2008, waliona shinikizo likipanda ndege inapopita hata kwa asiyeamka. Mlalaji huyo, kwa maneno mengine, amepaa, amefika juu na ametua, pasipo mkanda wala biskuti, na asubuhi hakumbuki safari. Na kama ndege ni kumi, abiria wa daraja la kwanza atakuwa ameruka mara moja na yeye mara kumi. Hata mzigo hupewa. Katika utafiti mpana zaidi wa mwaka huohuo, uliohusisha viwanja sita, kila ongezeko la desibeli 10 za ndege usiku (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti, na ongezeko la 10 husikika kama sauti iliyozidi maradufu) liliambatana na ongezeko la takriban asilimia 14 katika uwezekano wa mtu kuwa na shinikizo la juu la damu. Mizigo ya abiria hupotea mara kwa mara. Huu haujapotea njiani hata siku moja. Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wamemwona mgeni huyu.

Ngurumo pia ni mlezi wa elimu. Katika darasa lililoezekwa kwa mabati chini ya njia ya ndege, mwalimu wa imla hufika kwenye «maende—», husimama kidole kikiwa juu ya mstari, huusubiri mkia wa ngurumo upotee, kisha hutoa «—leo» kwa wanafunzi ambao nusu yao wameshaandika «maende» na kuweka nukta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wa watoto zaidi ya 2,800 waliosoma karibu na viwanja vya Heathrow, Schiphol na Barajas, ulionyesha kwamba kadiri kelele za ndege zilivyozidi ndivyo uwezo wa kuelewa maandishi ulivyopungua. Nchini Uingereza, kila desibeli 5 zilikwenda na kuchelewa kwa miezi miwili hivi katika umri wa kusoma. Watoto wa Munich walionyesha utovu wa shukrani usio na kifani: uwanja wao wa zamani ulipofungwa mwaka 1992, kumbukumbu na usomaji wao vilitengemaa, huku wenzao wa karibu na uwanja mpya wakianza kurudi nyuma.

Ngurumo isingefika mbali bila mtumishi wake mwaminifu, ambaye ni wastani. Kelele za saa 24 huchanganywa kuwa namba moja, zile za jioni zikiongezewa desibeli 5 na za usiku 10, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa Ulaya wa mwaka 2018, lilipendekeza namba hiyo isizidi 45, na wastani wa usiku peke yake usizidi 40. Katika mikono ya wataalamu wa afya, namba hiyo ni onyo. Mikononi mwa mtetezi wa uwanja, hugeuka kuwa hoja ya mpishi aliyemwaga kiganja cha pilipili katika sahani moja, kisha akadai kwamba ukiigawa kwa sahani zote za karamu, pilau haikuwasha. Lakini wastani haujapata kumwamsha mtu. Kinachoamsha ni ndege, ile ya saa kumi kasorobo, inayopita juu ya mtoto aliyebembelezwa saa nzima mpaka akalala, na aliyeipangia saa hiyo alikuwa na jina, cheo na kitanda chake mahali penye utulivu.

Aliyepanga saa hiyo ana watetezi hata mahakamani. Wakazi wanane wa maeneo ya Heathrow waliishtaki Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kwa sababu ya ndege za usiku, wakashinda mwaka 2001, lakini mwaka 2003 jopo kuu liliamua kwamba maslahi ya uchumi wa nchi yalipimwa kwa haki dhidi ya usingizi wao, na likazingatia kuwa, kwa vile bei za nyumba hazikushuka, waliotaka wangeweza kuhama bila hasara. Jopo hilohilo likakiri kwamba wakazi hao hawakuwa na mahali nchini mwao pa kusikilizwa ipasavyo. Dar es Salaam, hoja ya kuhama huwa fupi zaidi: mkazi wa Karakata, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege, huambiwa kwamba aliufuata uwanja mwenyewe, kana kwamba daladala, nguzo za umeme na shule ya watoto wake navyo vilijileta chini ya ndege vyenyewe.

Kwa kuwa zawadi hii ya ngurumo ni ya maslahi ya wote, ni dhuluma kuwanyima wanaoitoa. Kikao kijacho cha kupanga safari za usiku kinastahili kufanyika Karakata, alfajiri, chini ya bati, madirisha yakiwa wazi kwa sababu ya joto. Mwenyekiti atasimama kuwaeleza wakazi kwamba subira yao ni mchango wao katika maende—, ndege itapita, na katibu, kwa uaminifu wa kazi yake, ataandika neno kama alivyolisikia na kuweka nukta.