Heshima ya Kiwiko

Baba mkwe wangu wa Ngara hakunisumbua kwa mahari. Alinikabidhi jembe la mkono na shamba la mihogo lililoinamia bonde, akaketi mgombani kunitazama. Kwetu Biharamulo nako tunalima, ila si mbele ya mkwe. Nikalima kwa sifa.

Kesho yake chupa ya chai ilinishinda kuinua. Cha ajabu, upande wa kiganja, ule unaofumbata mpini, ulikuwa mzima. Maumivu yalikuwa nyuma ya kigasha, yakipanda hadi kwenye kinundu cha mfupa kilicho nje ya kiwiko. Tabibu akanieleza: misuli ya huko huinua kiganja na kunyoosha vidole, na minne kati yake imejishikiza kwenye kinundu hicho kwa kano moja. Ukikamata mpini nayo hukaza, ili kifundo cha mkono kisikunjike. Hebu kunja kifundo kwa ndani, halafu ufumbe ngumi: nguvu zote kwisha! Waingereza huumia hapo kwa kucheza tenisi. Mimi niliumizwa na mihogo.

Akaniambia niweke kiganja mezani, nikikunje kidole cha kati chini yake, kisha niinue cha pete peke yake. Kikagoma. Kano zake, akasema, zimefungamana na za majirani. Nikamwambia mimi nimeoa, hayo nayajua.

Dawa ilikuwa kuupumzisha mkono. Jumapili ikaja posa ya shemeji yangu, na wazee ukumbi mzima.

Ngara, kama ng'ambo Burundi na Rwanda, mdogo akimpa mkubwa mkono wa kulia, wa kushoto huugusa ule wa kulia karibu na kiwiko. Mimi sikugusa, niling'ang'ania. Mzee mmoja mwenye kiganja cha mpasua kuni alinitikisa huku akiuliza habari za Biharamulo, za mvua, za ng'ombe ambao sina. Kadiri alivyotikisa ndivyo nilivyozidi kuinama, machozi yakinilenga.

"Huyu kalelewa," akasema.

"Wakwe wengine waje wajifunze," baba mkwe akadakia.

Mwanyumba wangu, ambaye husalimia kwa mkono mmoja huku wa pili ukichezea simu, aliwekwa kitako jioni ileile akafundwa mpaka taa zikazimwa. Siku hizi tukikutana stendi ya Nyakanazi hanipi mkono kabisa. Kiwiko kinamshukuru.