Somo, Kadi Yangu Imejikunja

Juu ya meza ya Somo kuna mkasi ambao hakuna ruhusa ya kuukatia pakiti ya maziwa, rula ya chuma, peni mbili zilizokwisha wino na rundo la barua. Zamani pwani somo alikuwa na kazi ya kumfunda bi harusi. Huyu wa safu hii amehamia kwenye karatasi kwa sababu, anavyodai, ndoa zina washauri kila ukuta na kadi hazina hata mmoja. Anapokea shida zote za kadi za mkono na mapambo, kuanzia kitchen party hadi kipaimara, kwa sharti kwamba anayeandika aanze na shikamoo.

Msomaji wa Tanga alianza na shikamoo mbili, ndipo akamwaga machozi. Alimtengenezea mumewe kadi ya kutimiza miaka kumi ya ndoa: manila nyeupe, na juu yake karatasi nyembamba yenye maua, ikabandikwa kwa gundi nyeupe kutoka pembe hadi pembe. Alipolala kadi ilikuwa imenyooka kama meza. Asubuhi akaikuta imejiviringisha kama mkeka uliopigwa teke. Sasa anataka kujua kama hili lina uhusiano na jirani aliyekuja jioni ile kuazima gundi.

Marahaba, mwanangu, na jirani mwache apumzike. Mchawi wako ni maji. Karatasi ni nyuzi za mti zilizolowekwa, zikamwagwa kiwandani juu ya wavu unaokimbia, na nyingi zikalala kufuata mwendo wa wavu kama magogo yanavyofuata mto. Uzi ukinywa maji hunenepa kiunoni na hauongezeki sana kwa urefu. Kwa hiyo karatasi ikilowa hutanuka zaidi upande mmoja, ule unaokatisha nyuzi. Msomaji wa Tanga alilowesha karatasi ya maua, ikatanuka, akaibandika ingali imetanuka juu ya manila kavu. Usiku ikakauka, ikasinyaa, ikaivuta manila pamoja nayo. Hewa ya Tanga nayo si kavu.

Dawa ipo, na huanza kabla ya gundi. Somo huwaambia wote wakate vijikanda viwili vyenye ukubwa mmoja kutoka kwenye karatasi ileile, kimoja kwa urefu wake na kimoja kwa upana, kisha wavishike pamoja kwa ncha ya vidole, vitokeze mbele kama ulimi. Kimoja kitalegea na kuning'inia, kingine kitasimama. Kilichosimama ndicho ambacho nyuzi zake zimelala kwa urefu wa kijikanda. Ukishajua hilo, laza karatasi zote mbili nyuzi zikielekea upande mmoja, na mkunjo wa kadi nao ufuate nyuzi. Ukikunja kwa kuzikatisha, manila nzito hupasuka mgongoni ikaonyesha weupe kama ukoko wa wali. Gundi ipake nyembamba, kwenye kingo tu, au tumia ile ngumu ya umbo la rangi ya mdomo, ambayo maji yake ni machache. Halafu kadi ilale chini ya vitabu vizito mpaka asubuhi.

Kuhusu peni zilizokwisha wino, Somo anaomba watu waache kuzitupa. Hakuna kifaa bora cha kutengenezea mkunjo. Weka rula, pitisha peni kwa kukandamiza, utapata kifereji. Kunja ili kifereji kibaki nje na kile kituta chake kibaki ndani. Kadi iliyokunjwa hivyo hufunguka kama mlango, wakati ile iliyokunjwa kwa kucha hufunguka kama mdomo wa mtu anayesinzia.

Barua ya pili imetoka Mombasa, na hii kidogo imfanye Somo arudie kazi yake ya zamani. Mke mdogo wa umri alimtengenezea mama mkwe kadi ya Idi. Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, kisha akauliza mbele ya mawifi kama hiyo ni kadi ya kliniki. Mkwe amelala na maneno hayo wiki nzima. Ameambatanisha picha. Somo ameitazama kwa miwani na bila miwani: rangi saba, msikiti, mwezi, waridi nne, kitambaa cha lesi, unga unaometa, na dua tatu zilizoandikwa kwa wino wa zambarau kuzunguka vyote hivyo.

Mama mkwe alikosea kwa ulimi, wala Somo hamtetei. Lakini kadi nayo ilikuwa haipumui. Jambo la kushangaza ni kwamba binti huyu alikaa kuitengeneza huku pengine amejifunga somo zima kiunoni. Kanga ina sehemu tatu tu. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina, yale maneno machache yanayokaa chini ya mji. Wapwani wamekuwa wakitumiana ujumbe kwa mpangilio huo kwa zaidi ya karne moja, wa mapenzi na wa ugomvi, na hakuna aliyelalamika kwamba haukueleweka.

Basi achukue kadi mpya ya ukubwa wa A5 na aigawe hivyohivyo. Pindo liwe upana wa kidole gumba, rangi moja au mbili, mchoro mmoja unaojirudia. Kiazi mbatata kilichokatwa na kuchongwa kwa kisu hutoa muhuri mzuri, mradi kikaushwe kwa kitambaa kabla ya kuchovywa kwenye rangi. Mjini aweke kitu kimoja. Kimoja! Kama ni mwezi, waridi zibaki bustanini. Jina liwe mstari mmoja usiozidi maneno sita, liandikwe kwanza kwa penseli hafifu. Kadi ikiisha, aipeleke mwenyewe, na mawifi wawepo.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi, Morogoro, hakutoa shikamoo bali aliandika “Yah:” na kupigia mstari. Amesamehewa kwa sababu ya cheo. Kamati yake ilishapeleka kadi za mchango, wanaodaiwa wameshakumbushwa mara mbili, na sasa zimebaki kadi za mwaliko. Wajumbe walitaka zile za kutumwa kwenye simu, zenye msimbo unaosomwa mlangoni. Bi harusi amekataa. Anataka kadi za mkono, 200, singo na dabo, na harusi ni baada ya wiki tatu. Mwenyekiti anauliza kama inawezekana au aanze kutafuta bi harusi mwingine.

Inawezekana, mheshimiwa, lakini si kwa namna mliyoianza, ya kumwachia dada mmoja sebuleni kwake. Tuseme kadi moja inachukua dakika 12 kukatwa, kukunjwa, kupambwa na kuandikwa jina. Kadi 200 ni dakika 2,400, yaani saa 40. Dada huyo atawachukia maharusi kabla hawajavaa pete. Watu watano wakigawana, ni saa nane kila mmoja: Jumamosi moja, pilau ikiwa ya kamati.

Kuna binti wa Worcester, Massachusetts, aliyewahi kukwama mahali hapohapo. Esther Howland alimaliza chuo cha Mount Holyoke mwaka 1847, na muda mfupi baadaye akaona kadi ya Valentino ya kifahari iliyotoka Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la karatasi na vifaa vya kuandikia. Akatengeneza sampuli chache, kaka yake akazibeba katika safari zake za kuuza bidhaa. Inasimuliwa kwamba binti alitarajia oda za dola 200 na kaka akarudi na oda za zaidi ya dola 5,000. Mikono miwili isingetosha. Akawaita marafiki zake wakae kwenye meza ndefu nyumbani kwao, huyu anakata picha, yule anapanga tabaka, mwingine anabandika, sampuli moja ikiwa mbele yao ili kila nakala ifanane nayo.

Kamati ifanye hivyo. Mkataji awe mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa maana wakataji wawili ni vipimo viwili. Mwenye mwandiko mzuri asishike gundi kabisa. Mwenyekiti, kama wenyeviti wengi, apewe kazi ya kuhesabu.

Angalizo la vipimo, kwani nusu ya barua za mwezi huu zinalia jambo hili: watu hutengeneza kadi kwanza, kisha huzunguka mji mzima kutafuta bahasha. Msomaji wa Dodoma ana kadi kumi za mraba na hana pa kuzitia. Anza na bahasha. A4 ukiikata katikati na kukunja kila nusu, unapata kadi mbili za A6, zinazoingia bila kugombana kwenye bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162. Ukiikunja A4 nzima mara moja, tafuta C5. Na uzito uulizwe kabla ya kulipa. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita moja ya mraba, na kwa kuwa karatasi 16 za A4 ndizo zinazojaza mita hiyo, moja ina gramu 5 na rimu nzima ina kilo mbili na nusu. Kadi ya gramu 80 haisimami mezani. Muombe muuza steshenari gramu 200 au zaidi, na akisema zote ni sawa, nenda duka la pili.

Shida ndogondogo Somo anazimaliza kwa haraka, maji ya chai yakichemka.

Msomaji wa Moshi anasema theluji zake za karatasi za kupambia dirisha zina ncha nane, na mtoto wa dada yake amemwambia ni za uongo. Mtoto ana haki, punje ya theluji ina matawi sita. Kosa ni kukunja nusu, nusu, nusu. Kunja duara mara moja, halafu ile nusu ikunjwe sehemu tatu sawa, kama manda ya sambusa inavyokunjwa kuwa pembe kabla ya kutiwa nyama. Ndipo ukate. Kwa nini madirisha ya Dar es Salaam hupambwa theluji Desemba, watu wakijipepea kwa vifuniko vya sufuria, Somo hajapata kuelezwa, lakini Moshi wanaotazama Kilimanjaro wana kisingizio.

Msomaji wa Kigoma ana ukumbi wa kupamba na shilingi chache. Akate A4 ya rangi kwa upana, vipande vya sentimita 3, atapata tisa kwa karatasi. Kila kimoja ni pete, na pete 80 zilizoshikana hutoa mnyororo wa karibu mita tano: karatasi tisa tu. Kwa yale maua ya mviringo yanayokunjwa kama feni, akiwa na ukanda wa upana wa sentimita 10 aunganishe vipande vitatu vya urefu wa A4. Viwili havifiki, ua litagoma kufunga duara na ataishia na feni ya kweli.

Kwa aliyeuliza kama unga unaometa unafaa kwenye kadi ya rambirambi: hapana.

Mzee wa kanisa wa Iringa ana jambo zito zaidi. Binti yake amechora kadi ya Krismasi yenye familia mezani, na mezani kuna kikombe ambacho mzee anaapa ni cha ulanzi. Je, aichane? Asiichane. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuchapwa kwa biashara, iliyotolewa London mwaka 1843 na Henry Cole na kuchorwa na John Callcott Horsley, ilionyesha familia ikiinua glasi za mvinyo, mtoto mdogo naye akinyweshwa. Wapinga pombe walikasirika sana. Zilichapwa na kupakwa rangi kwa mkono, zikauzwa shilingi moja, bei ambayo kibarua wa siku hizo hakuimudu. Mwaka 2001 moja yake, ambayo Cole alimpelekea bibi yake, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 20,000. Mzee aitunze ile kadi mahali pakavu, akimuuliza binti kama kile kikombe si cha chai.

Mama mmoja wa Musoma anaomba radhi kwa niaba ya mwanawe wa miaka saba, anayechora kadi kwenye karatasi za mifuko ya saruji kwa kuwa manila imemshinda mama bei. Radhi ya nini? Mwaka 1949 UNICEF ilitoa kadi yake ya kwanza, na mchoro ulitoka kwa Jitka Samkova, msichana wa miaka 7 wa Chekoslovakia, aliyekuwa akishukuru kwa msaada uliofika kijijini kwao baada ya vita. Alichora watoto wakicheza kwa kuzunguka mlingoti. Alichora juu ya kioo, kwa sababu karatasi haikuwapo. Karatasi ya saruji ikipanguswa vumbi na kupigwa pasi ya uvuguvugu ina rangi nzuri ya kahawia, na penseli nyeupe hung'ara juu yake.

Barua ya mwisho haikuwa na swali. Ilikuwa kadi ya Idi kutoka Unguja, ya mtoto, imeandikwa jina la Somo kwa herufi zinazopanda mlima. Somo alijaribu kuifungua, ikakataa. Akaigeuza, ikakataa tena. Ilimchukua muda kuona kwamba mkunjo uko mkono wa kulia, kama mgongo wa juzuu: mtoto wa madrasa ameikunja kadi kwa namna anayofungua kitabu kila jioni. Ndani mna mwezi mmoja, na chini yake maneno matatu. Gundi imepakwa hadi pembeni, na kwa hiyo imejikunja. Sasa iko mezani, chini ya kopo la sukari na kamusi mbili, ikisubiri asubuhi.