Jinsi ya Kufikisha Mbingu Kamina na Kurudi na Projekta Yako

Hongera. Umepata planetari ya kuhamahama: kuba la kitambaa linalokunjwa likaingia mfukoni, feni ya kulijaza hewa, projekta, na kompyuta yenye Stellarium, programu isiyouzwa. Kule Kenya, Susan Murabana na Chu Owen wa The Travelling Telescope wamezunguka mashuleni na kuba la namna hiyo. Wewe umeamua zamu hii ni ya Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, nchini Kongo. Karibu, lakini soma kwanza.

Kamina ni njia panda ya reli: moja yaja kutoka Lubumbashi, nyingine yaenda Ilebo, ya tatu Kabalo. Ukija kwa treni, usikubali kuba lipakiwe behewa moja na projekta behewa jingine. Kuba bila projekta ni giza tu, na giza tunalo la kutosha kila usiku, bila tiketi.

Atakayekuuliza ya nini kuleta nyota mahali ambapo hakuna taa za kuzifukuza ana haki yake. Mjibu kwamba masomo ni ya mchana, na kwamba kuanzia Oktoba hadi Aprili mawingu hayana adabu. Lakini ukifika Juni, anga likiwa jeupe, acha kuba mfukoni, omba mikeka, uwaite watu nje usiku. Msalaba wa Kusini utawafundisha vizuri kuliko wewe.

Saa ya kompyuta sasa. Mgeni hushuka Kinshasa, huweka saa ya Kinshasa, kisha huja nayo huku, ambako tuko mbele kwa saa nzima. Saa moja ni nyuzi 15 za anga. Utatangaza saa isiyo yake ya kuchomoza nyota za Kilimia, na mzee mmoja wa kikundi cha wakulima, ambaye amezitazama nyota hizo tangu utotoni, atakaa kimya kwa heshima tu. Futa pia mhadhara ulioandikiwa watoto wa Ulaya. Ile Nyota ya Kaskazini inayowaongoza mabaharia, kwetu imelala chini ya upeo, karibu nyuzi 9. Hatujawahi kuiona wala haijatupungukia. Na usiseme jua la adhuhuri hukaa kusini. Kamina, mwezi wa Juni, liko kaskazini. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba linapita utosini kabisa.

Jambo la kuogopa hasa ni feni. Kuba halina nguzo. Linasimama kwa hewa inayosukumwa bila kukoma. Umeme ukikatika haliwaangukii watu, linawashukia polepole kichwani, na watoto hufurahi kuliko walivyofurahia sayari ya Zohali. Basi utaleta jenereta. Iweke mbali, upande ambao upepo unaondokea, kwa sababu feni haichagui: moshi ukiufikia mdomo wake, inaumeza na kuwapulizia walio ndani, na gesi iliyomo ndani yake huua bila harufu ya kukushtua. Nunua waya mrefu kabla ya kununua fulana zenye nembo. Weka na stabilizeta, maana jenereta ikikohoa taa ya projekta ndiyo inayokufa. Mfadhili atakulipia nyota zote. Petroli atakuambia haimo kwenye bajeti.

Tafuta ukumbi wa parokia wenye dari ya juu, usijaribu uwanjani penye upepo. Mvua ikipiga mabati, nyamaza, huwezi kushindana nayo.

Kuba la mita 5 huingiza watoto kama 25. Prefe wa shule atakuletea darasa zima, na darasa zima ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Wagawe bila ugomvi. Viatu vinavuliwa mlangoni, maana vumbi jekundu la kiangazi likishika kitambaa cheupe halitoki. Hapo ndipo utajua kazi: viatu vyote vyeusi, vyote vya sokoni palepale, na kundi la pili limekwisha kuvirundika vyake juu ya vya kwanza. Mpe mama mmoja wa kamati ya wazazi chaki, aandike namba kwenye soli.

Mheshimiwa naye atakuja, na wasindikizaji, na atataka kuingia wa kwanza. Aingie, ila avue viatu kama wengine. Akikataa, usibishane naye. Mwonyeshe jua, lipo nje, na halihitaji petroli.