Deni la saa tatu

Mwenye banda la gemu alinipigia akinong'ona. "Fundi, huyu mtoto kaingia hapa hata soda aliyokuja nayo hajaimaliza, kompyuta inasema ana saa tatu na dakika kumi. Mama yake kasimama mlangoni."

Nikamsikia mama. Yeye hakuwa ananong'ona.

Programu ya banda lile ilihesabu muda kwa maktaba ya msimbo niliyoirithi kwa mtu aliyekwisha hama kazi. Mtu huyo alizichukua dakika kumi za mtoto akazigeuza tarehe: dakika kumi baada ya saa sita usiku, Januari mosi 1970, kwa majira ya Greenwich. Kisha akaiuliza kompyuta, wakati huo Dar es Salaam ilikuwa saa ngapi? Kompyuta, kwa adabu zote, ikaongeza saa tatu zetu za Afrika Mashariki. Kila aliyekalia kiti akaanza na deni la saa tatu, hata aliyeingia kuulizia choo.

"Si utoe tatu tu?" akashauri mwenye banda.

Kabla ya kutoa, nikamwomba binamu yangu aliyeko London aujaribu msimbo uleule kwenye kompyuta yake. Nilitegemea sifuri, ikaja saa moja! Kumbe Waingereza, tangu 1968 hadi 1971, walisogeza saa zao mbele wakaziacha hivyo mwaka mzima, Januari na baridi yake yote. Watu wamesahau, kompyuta haisahau upuuzi wa aina hiyo.

Basi nikafuta tarehe zote. Sekunde unagawanya kwa 3600, baki unagawanya kwa 60, kwisha. Majaribio nikayaweka mipakani, maana huko ndiko magendo hupita: 0, 59, 60, 3599, 3600. Yote yakapita. Nilipoongeza sekunde 59.7, zikakadiriwa juu zikaandikwa "0:60". Nikabadili mpangilio: kadiria kwanza, gawanya baadaye.

Halafu umeme ukakatika. Betri ndogo ya ndani ya kompyuta ile ilikwisha kufa zamani, kwa hiyo umeme uliporudi, tarehe ilirudi nyuma miaka. Mteja aliyeanza kucheza leo akamaliza kabla hajazaliwa, na muda wake ukatoka hasi. (Lugha ya programu ya Python yenyewe, ukiipa sekunde moja hasi, huandika "-1 day, 23:59:59". Mweleze hilo mwenye banda.)

Simu ikaita. Safari hii hakunong'ona.

"Fundi, hii alama ya kutoa maana yake mimi ndiye namlipa?"