Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya Kuhusu Retina Inayobanduka

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba unipe dakika chache katika siku yako ambayo najua imejaa. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho mkoani Njombe. Nafahamu kwamba barua kama hii hupanda ngazi kwa ngazi kupitia kwa wakubwa wangu wa kazi, nami ninawaheshimu sana. Nimeiandika hadharani kwa sababu inawahusu pia wagonjwa ambao bado hawajafika kwetu, nao natamani waisome pamoja nawe.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni hili: mgonjwa mwenye dalili za retina kubanduka apewe rufaa siku ileile, kwa haraka anayopewa mama aliyeshindwa kujifungua.

Uniwie radhi nikieleza mambo ambayo wataalamu wako wanayafahamu kunishinda. Retina ni utando mwembamba ulio ndani ya jicho, upande wa nyuma, unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Mbele yake jicho limejaa ute mzito. Umri unaposonga ute huo husinyaa, na unapojiachia unaweza kuivuta retina hadi ikachanika. Hapo majimaji hupenya kwenye tundu na kuibandua, kama mvua inavyopenya chini ya plasta yenye ufa mpaka plasta ikaachana na ukuta. Walio hatarini zaidi ni wale ambao macho yao hayaoni mbali kwa kiwango kikubwa, waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, wenye ndugu waliowahi kuugua, na waliopigwa jichoni. Kwa wenye kisukari njia ni nyingine: makovu huota juu ya retina na kuivuta taratibu.

Huku kwetu kwenye misitu ya mbao, pigo la jicho ni jambo la kawaida. Mtu anagongwa na tawi au kipande cha ubao kwenye mashine ya kupasulia, jicho linavimba, linapoa, anarudi kazini. Wiki au miezi baadaye anaanza kuona cheche gizani na vidoa vyeusi vinavyoelea, kisha kivuli kinaingia kutoka pembeni. Haumwi. Hilo la kutoumwa ndilo linalotuponza, Mheshimiwa, kwa sababu asiyeumwa hupangwa foleni ya kawaida. Nimewahi kumpokea fundi mbao aliyekuja na mfuko wa chupa za dawa ya matone alizopewa huku na kule. Jicho lake kwa nje lilikuwa safi, halina hata wekundu. Nilipomziba lile zima nikapitisha mkono mbele ya uso wake, aliona kivuli tu. Hakuna dawa ya matone inayoirudisha retina mahali pake, na siku zile za kubadilisha chupa ndizo zilizolimaliza jicho.

Katikati ya retina kuna sehemu ndogo, makula, tunayoitumia kusomea na kutambua sura za watu. Maadamu haijabanduka, mgonjwa akiwahi upasuaji anaweza kubaki na uwezo wake wa kuona vizuri. Ikishabanduka, kila siku inayopita inapunguza kitakachorudi, hata kama retina yenyewe itashika tena.

Na matibabu yapo. Miaka ya 1920 Jules Gonin, daktari wa Lausanne nchini Uswisi, alionyesha kwamba tundu likizibwa retina hushika, na kanuni hiyo ndiyo inayotumika mpaka leo. Tundu ambalo bado halijaleta madhara huzibwa kwa leza au kwa kugandishwa na baridi kali, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Retina ikishabanduka, daktari bingwa hushonea mkanda wa silikoni nje ya jicho, au huondoa ute na kujaza gesi au mafuta ya silikoni ili retina ibaki imekandamizwa. Mara nyingi upasuaji wa kwanza hufanikiwa.

Hapa naomba usikivu wako wa pekee. Gesi hutanuka mtu anapopanda mahali pa juu, ndiyo maana aliyewekewa hakatazwi ndege bure. Huchukua wiki mbili, na aina nyingine hadi miezi miwili, kuisha jichoni. Sasa Dar es Salaam, wanakopasuliwa wagonjwa wetu, iko ufukweni, na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Basi la kumrudisha mgonjwa nyumbani likianza kupanda mlima Kitonga, presha ndani ya jicho lile inaweza kupanda kiasi cha kulipofusha. Kwa mgonjwa wa nyanda za juu, basi, mafuta ndiyo huonekana salama. Lakini mafuta hayaishi yenyewe: baada ya miezi kadhaa lazima yatolewe kwa upasuaji wa pili, na asiye na nauli harudi. Yakikaa mno huleta presha ya jicho na kuharibu kioo cha mbele.

Ndiyo maana nathubutu kuomba, kwa unyenyekevu, upasuaji huo wa pili uhesabiwe na bima kuwa sehemu ya matibabu yaleyale, bila mgonjwa kuanza upya kutafuta kibali. Naomba pia wanaotoka mbali wapatiwe malazi ya bei nafuu karibu na hospitali, ili daktari aweze kuchagua gesi pale inapomfaa mgonjwa. Na kila mhudumu wa zahanati afundishwe kuuliza kuhusu cheche, vidoa na kivuli kabla hajaandika dawa ya matone.

Nikiruhusiwa na wakubwa wangu, nitafika Dodoma siku yoyote utakayopenda, nikiwa na rejista yetu ya rufaa, ili wasaidizi wako waone tarehe mgonjwa alipoanza kuona kivuli na tarehe aliyomfikia daktari bingwa.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa kliniki ya macho, Njombe