Jinsi ya Kuwa Mmarekani Ukiwa Stuttgart

Kwanza, funga ndoa na mwanajeshi wa Marekani. Hiyo ndiyo hatua nyepesi, maana inataka mahari, mashahidi na mapenzi. Zote zinazofuata zinataka fomu. Nawe kaka uliyemwoa sajini, soma pia, sheria haibagui bwana na bibi.

Pili, kitazame vizuri kile kitambulisho cha mtegemezi ulichopewa na jeshi. Kinakuingiza kambini, dukani na hospitalini. Hakikupi haki ya kuishi Marekani hata siku moja. Jeshi na uhamiaji ni serikali moja yenye makabati mawili, na faili lako haliruki lenyewe kutoka hili kwenda lile. Omba grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Mumeo ataapa kwamba atakutunza, na hapo mmepewa nafuu ya kweli: mdhamini wa kawaida huonyesha kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, lakini askari aliye kazini anayemdhamini mke au mtoto anatakiwa asilimia 100 tu. Anayejua mshahara wa askari wa cheo cha chini ataelewa kwa nini.

Usifurahie kadi kabla hujasoma tarehe yake ya mwisho. Ikiwa siku ulipokubaliwa ukaazi ndoa yenu ilikuwa haijatimiza miaka 2, kadi hiyo ni ya masharti na itaisha baada ya miaka 2. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha, wewe na mwenzio mnajaza fomu I-751 kuthibitisha kwamba ndoa si ya karatasi, na mnathibitisha kwa karatasi: akaunti ya benki ya pamoja, bima, mkataba wa nyumba, vyeti vya watoto. Weka kila kitu. Weka hata barua ya shule.

Sasa tuje kwenye uraia wenyewe. Mkaazi wa kawaida hungoja miaka 5. Mke wa raia hungoja 3, akiishi na mumewe muda wote huo, na angalau miezi 18 kati yake awe ndani ya Marekani. Ishi na mumeo, inasema sheria. Kaa Marekani, inasema sheria hiyo hiyo. Kisha jeshi linampeleka mumeo Stuttgart, Ujerumani, yaliko makao makuu ya kamandi yake ya Afrika. Ukimfuata, umeondoka nchini. Ukibaki, hamko pamoja. Tulia. Akiwa vitani au kazini mbali nawe kwa amri ya jeshi, hilo halihesabiwi kuwa mmetengana.

Ukimfuata, una njia mbili. Kifungu cha 319(b) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia kinafuta kabisa muda wa kungoja kwa mke wa raia aliyepangiwa kazi ya serikali nje ya nchi kwa mwaka mmoja au zaidi: ukiwa na grinikadi unaomba, mradi uende Marekani kwa usaili na kiapo, na uahidi kwa nia njema kurudi kuishi huko kazi ya nje ikiisha. Njia ya pili ni ya mwaka 2008, pale Bunge la Congress liliporuhusu siku ulizokaa ng'ambo na mumeo zihesabiwe kama umezikaa Marekani, na uraia uweze kukamilishwa huko huko ng'ambo. Ndiyo maana nasema unaweza kuwa Mmarekani ukiwa Stuttgart.

Lakini njia zote mbili zinapita kwenye karatasi moja: amri ya uhamisho yenye jina lako. Si jina la mumeo na neno "familia". Jina lako, limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Aliyemfuata mumewe kwa tiketi ya kujinunulia, bila idhini kwenye amri, hata akimpikia miaka 3 mfululizo, siku zake hazihesabiwi. Nenda kwa karani wa kikosi kabla hamjafunga mizigo, umwombe pia fomu DD 1278, ile ya kuthibitisha kazi ya ng'ambo, na usitoke ofisini kwake bila nakala. Akikuambia itatumwa baadaye, omba kiti ukae.

Andaa na pesa. Askari akiomba uraia kwa utumishi wake halipi ada. Mke wake hulipa dola 760 kwa fomu ya karatasi, au 710 kwa mtandao. Naona hilo si haki, na naliandika wazi: anayehamishwa kila baada ya miaka michache, akiacha kazi kila mara, naye ametumikia.

Mtihani wa uraia usikutishe. Kwa walioomba tangu Oktoba 20, 2025, maswali ya kusoma ni 128, utaulizwa hadi 20, upate 12.

Kuna mlango mmoja nisiomtakia mtu. Mume akifa akiwa kazini kwa heshima, na mlikuwa mkiishi kama mke na mume, mjane mwenye grinikadi anaomba uraia bila kungoja muda wowote. Mjane anaujua mlango huo akiwa amechoka. Wewe shoga yake mwambie.

Mwisho, kabla hujainua mkono kuapa, uliza nyumbani. Mkenya wa kuzaliwa habanduki kwenye uraia wake tangu Katiba ya 2010. Tanzania bado hairuhusu uraia pacha kwa watu wazima, kwa hiyo dada wa Tanga na dada wa Mombasa, wakikaa ukumbi mmoja na kusoma kiapo kimoja, hawalipi gharama sawa.